Nyimbo Juu ya Hotuba ya Mama

Kanda yenyewe nilipewa matangani, na mimi mtu akinipa kitu matangani hukitazama mara mbili kabla ya kukitia mkobani. Tulikuwa mtaani Umoja, uani kwa jirani yetu wa zamani aliyefariki, tumekaa kwenye viti vya kukodi tukingoja chai. Mzee mmoja akavuta kiti chake karibu na changu, akaniita kwa jina la mama yangu. Ilinichukua muda kumtambua. Kumbe ni yule mpiga video wa mtaa, mtu wa kamera begani na taa kali iliyowatoa watu jasho, ambaye zamani hakuna harusi wala mazishi yaliyopita kwetu bila yeye. Sasa nywele zimemwisha na koti limemzidi. Akatoa bahasha mfukoni akaniwekea mapajani.

"Hiyo ni kanda mama ya ile shukrani ya mamako. Ile yenyewe, kabla sijaikatakata. Mimi narudi ushago, kijijini kwetu, na watoto wangu wanataka kutupa kila kitu."

Nikamuuliza kwa nini ananipa sasa, baada ya miaka yote hii. Akaangalia huku na huku.

"Watu walisema niliharibu hotuba ya mamako. Sikuharibu kitu mimi. Niliambiwa niweke nyimbo hapo."

"Uliambiwa na nani?"

"Si huyo dadake anayekaa mtaa wa Tena."

Chai ikaletwa, naye akageukia watu wengine, akaanza kuulizia mabasi ya kwenda magharibi. Mimi chai ile ilinishinda kunywa.

Wacha nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu, ujue kwa nini. Nililelewa Umoja mpaka darasa la tatu, mimi na mama peke yetu. Mama alikuwa karani wa kaunsili. Baba simjui, na kila nilipouliza habari zake nilitumwa maji. Maji yenyewe yalikuwa ya kuviziwa. Yakirudi mferejini, wa kwanza kuyasikia alipiga kelele na kila nyumba ikatoa mitungi mbio. Jioni mtaa ulinuka mafuta ya taa na vitunguu, na kwa pua tu ungejua nani anapika sukuma na nani leo kapokea mshahara. Watu walikuwa wakiongeza vyumba kila upande, kwa hiyo sauti ya utoto wangu ni ya koleo likikoroga simiti na nyundo ikigonga mabati, huku redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo.

Majirani tulipendana, lakini tulichungana. Mama alikuwa na chupa ya rangi nyekundu ya kucha ambayo sikuwahi kuiona kwenye kucha zake. Kazi yake ilikuwa kutia alama vyombo. Kila sufuria, kila sahani na kila kijiko kilikuwa na nukta nyekundu chini, maana kukiwa na sherehe vyombo vilikusanywa kutoka nyumba zote, na kuvirudisha kulikuwa vita. Jirani mmoja alifunga uzi wa kijani kwenye vishikio, mwingine alikwaruza herufi kwa msumari. Sherehe ikiisha, akina mama walisimama uani wakipindua sahani moja moja, kila mmoja anatabasamu na hakuna anayemwamini mwenzake. Ukiniona leo natilia shaka hata chenji ya mhudumu wa kanisa, ujue sikuyaokota barabarani.

Mwaka ule mama alilazwa hospitalini muda mrefu. Alipotoka, shingo imemkonda lakini anacheka, akaamua kufanya shukrani. Hema likafunga njia yetu yote. Akina mama wa kanisani wakashika kuku na ugali, jirani yetu wa Machakos akaleta muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na chapati zikapikwa tangu alfajiri mpaka moshi ukawa kama ni mmoja wa wageni. Mpiga video alipowasha taa yake watu wakajipanga na kuganda, kwa sababu walizoea picha.

"Hii si picha!" alikuwa anapaza sauti. "Songeni! Kuleni! Ongeeni!"

Wakasonga kidogo, wakaganda tena.

Mhubiri akaomba. Mjomba wangu, aliyekuja kutoka Kitale, akahutubu na maikrofoni mkononi kana kwamba anagombea kiti. Zamu ya mama ilipofika stima ikapotea, na maikrofoni ikafa. Mjomba akatoka kwenda kuangalia fyuzi. Mama hakungoja, akasimama na kuongea kwa ile sauti iliyombakia, sahani zikigongana na watoto wakilia. Wageni wa mbele, akina mama wa kanisani, wakacheka. Wa nyuma wakacheka kwa sababu wa mbele wamecheka. Mimi nilikuwa nimepakatwa na Mama Mkubwa, dada yake mama, nikila paja la kuku. Sikusikia neno. Nani husikiliza hotuba akiwa na paja la kuku?

Kabla mvua ndefu hazijaisha ugonjwa ukarudi, na mama akafa. Hilo siwezi kulipamba.

Baada ya mazishi wazee wa familia walikutana sebuleni kwetu Umoja kuamua nitaenda kwa nani. Mimi nilikaa mlangoni pa jikoni na sahani ambayo sikuigusa. Karibu ikubalike niende Kitale kwa mjomba, ambaye mkewe alikuwa na watoto wadogo na alihitaji msichana wa kumsaidia. Lilisemwa hivyo hivyo, bila ubaya wowote, maana ndivyo mambo yalivyokuwa. Ndipo Mama Mkubwa akasimama.

"Dadangu alisema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba mtoto akae na mimi. Hata iko kwa video. Ngojeni video."

Wazee wakaahirisha uamuzi. Siku hizo video iliheshimiwa. Na kwa kuwa wapiga video wote walikuwa na ugonjwa mmoja, ule wa kuchelewesha, tulingoja. Nikapelekwa Tena, mtaa alikokaa Mama Mkubwa, kwa muda tu, ikasemwa, mpaka video itoke. Nikanunuliwa sare, nikapewa kitanda cha juu, na shule ikafunguliwa.

Kanda ilipotoka hatimaye, Mama Mkubwa ndiye aliyeenda kuichukua. Tulikusanyika kwa jirani mwenye deki ya kuchezea kanda, kitambaa cha kufuma kikatolewa juu ya televisheni na mapazia yakafungwa. Mhubiri akaomba, akasikika vizuri. Mjomba akahutubu, akasikika kupita kiasi. Halafu mama akasimama, picha ikagawanyika kuwa mioyo mioyo ikiruka huku na huku, na wimbo wa kwaya ukaingia. Midomo ya mama ikawa inafunguka na kufunga, watu wanacheka, na kinachosikika ni kwaya inashukuru Mungu kwa sauti nne.

"Mwenye video ameharibu," Mama Mkubwa akasema, akasonya.

Mjomba akamtazama kwa jicho la shaka. Mwishowe akasema mtoto ameshaanza shule, basi aachwe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtoto wa Tena.

Sasa jiweke mahali pangu. Mama Mkubwa alikuwa na watoto wake wanne na mume dereva aliyekuwa safarini siku nyingi, wote ndani ya vyumba viwili. Alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na mlio wa cherehani ile ndio uliotulaza na kutuamsha. Mtu wa namna hiyo anatafuta mdomo wa tano wa nini? Nilipokuwa mkubwa kidogo nikajijibu mwenyewe: nyumba ya Umoja. Nyumba ya mama ilipangishwa, na Mama Mkubwa ndiye aliyepokea kodi. Tangu hapo nikawa mpelelezi. Nilichunguza nyama yangu na nyama ya binamu zangu. Nilichunguza viatu. Akinipa kipande kikubwa, nilijiuliza anaficha nini; akinipa kidogo, basi huo ulikuwa ushahidi tosha. Nilipomuuliza mama alisema nini hasa siku ile, jibu lilikuwa moja tu miaka yote: "Kula kwanza." Nikila, nikimaliza, yeye amesharudi kwenye cherehani. Hata aliponikabidhi ufunguo wa nyumba ya Umoja nikiwa mtu mzima, na hati zake zote, nilishukuru kwa mdomo huku nikijiuliza amebakisha nini.

Ile kanda ya mioyo nilikuwa nimeikariri. Kuna mahali kamera inamwacha mama na kuja kwetu, Mama Mkubwa amenipakata na kiganja chake kiko mdomoni mwangu. Nilikuwa na hakika ananiziba nisiseme kitu. Baadaye deki ikaila kanda yenyewe, tukabaki na masimulizi.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini, nilipoipata kanda mama, sikumwachia mtu anipelekee. Nilikwenda mwenyewe kwa fundi mmoja pale Umoja, mama wa makamo mwenye kibanda cha picha za pasipoti, ambaye husifika kwa kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta na kuzichoma kwenye diski. Kabla ya kumpa nilikuwa nimeitia kanda nukta nyekundu ya rangi ya kucha pembeni, ili nijue ninayorudishiwa ni ile ile. Aliiona, akacheka.

"Madam, hii kanda yako nani ataiba?"

"Nimezoea tu."

Akaifungua kwa bisibisi kuifuta ukungu kwa pamba. Nikainama kuangalia.

"Unaniziba mwangaza, madam. Tena hii si kama kunakili flashi. Inacheza yenyewe polepole mpaka mwisho, na kompyuta inarekodi. Wee enda sokoni, ukirudi utapata iko tayari."

"Nitakaa."

"Utakaa yote?"

"Nitakaa yote."

Akaniuliza mbona nisiiweke mtandaoni kama watu wengine, diski ni vitu vya zamani. Nikamwambia kitu nisichoweza kukishika mkononi sikiamini. Akanisogezea kibao, akatia kanda kwenye kamera kuukuu iliyounganishwa na kompyuta kwa nyaya, akanivalisha vifaa vya masikioni kwa sababu nje kuna mtu anatangaza viatu vya mtumba kwa spika.

Usiombe kuona utoto wako ambao haujakatwa. Katika kanda mama hakuna mioyo inayoruka. Kuna hema linalopepea, kuna mguu wa mtu, kuna mama mmoja anayechokoa meno bila kujua. Nikaona njia yetu ilivyokuwa, nyumba fupi na anga kubwa juu yake, na ule uwanja ambapo sasa pamesimama magorofa yaliyobanana mpaka nguo za jirani zinakauka dirishani kwako. Nikaona nyuso, nikawa nawahesabu waliokufa, nikaacha. Mhubiri akaomba. Mjomba akahutubu, na hotuba yake haikuwa imekatwa, Mungu amsamehe. Kisha taa za hema zikazimika, picha ikaingia kiza kidogo, na mama akasimama.

Nilishika meza. Nilikuwa nimesahau sauti ya mama yangu. Nilikuwa nimejitungia nyingine, ya upole, ya mtu wa picha ya ukutani. Hii ilikuwa ya kukwaruza na ina haraka, ni sauti ninayoitumia mimi nikibishana na mwenye duka.

"Asanteni kwa kuja," mama alisema. "Najua kuna wenye wamekuja kuangalia kama kweli nimepona."

Watu wakacheka.

"Na kuna wenye walikuwa wameanza kupimia sufuria zangu macho. Sufuria zangu zina alama, zote. Zirudi."

Wakacheka zaidi. Mama akakohoa, akangoja, akanyoosha kidole kuelekea upande wetu.

"Na huyu msichana wangu, nimesikia watu wanaulizana ataenda kwa nani. Haendi kwa mtu. Sijamwachia mtu yeyote, mnasikia? Nitamlea mwenyewe mpaka anichoke."

Kamera ikageuka, ikaja kwetu, pale pale nilipopakariri. Mama Mkubwa anacheka kwa sauti huku machozi yanamtoka, anapiga makofi. Kisha anatoa mfupa mdogo wa kuku mdomoni mwangu kwa vidole viwili, anautupa chini, na kwa kiganja kile kile ananifuta mafuta.

"Rudisha," nikamwambia fundi.

Akarudisha. Nikasikiliza tena. Akarudisha tena bila kuombwa, akainuka, akaenda kusimama mlangoni na kujifanya anaangalia viatu vya mtumba. Nililia, sitakuficha. Nililia kwa sababu ya sufuria, usinicheke.

Halafu hasira ikanipanda. Kumbe niliona sawa siku zote! Mama hakunitoa kwa mtu. Alikataa kabisa, kwa kidole. Mama Mkubwa aliyasikia hayo yote akiwa amekaa pale, akayapigia makofi, kisha akasimama mbele ya wazee akasema kinyume chake, akaenda kwa mpiga video akafunika ushahidi. Nilikuwa nimemkamata. Nilikaa kwenye kile kibao nikingoja kufurahi.

Furaha haikuja. Kilichokuja ni swali jingine, polepole, huku kanda ikiendelea kuonyesha watu wakikusanya viti. Kama mama hakumwambia anichukue, basi ni nani aliyemwambia? Hakuna. Mama alipanga kupona. Wazee walipanga Kitale. Hapakuwa na agizo la marehemu wala deni la undugu la kutimiza, na kodi ile niliyoisaka miaka yote ndiyo iliyonilipia shule. Miaka yote nilidhani nilikuwa mzigo alioachiwa, akaukubali kwa sababu una kodi ndani yake. Kumbe aliniiba. Mwanamke mwenye watoto wanne na vyumba viwili alinitaka kiasi cha kuwadanganya wazee wote machoni. Na bei aliyolipa niliisikia masikioni mwangu pale kibandani: aliifunika sauti ya mdogo wake, ambaye alikuwa bado anamlilia, na yeye mwenyewe hakuisikia tena.

Fundi akarudi. "Niichome kwa diski moja ama mbili?"

Nikafikiri. Mjomba alikuwa ameshapata habari za kanda mama kwa watu wa matangani, na alikuwa amepiga simu kwamba Jumapili anakuja Tena kujionea mwenyewe.

"Mbili," nikasema. "Moja iwe hivi ilivyo. Ya pili, hapo mama anaposimama, niwekee wimbo wa kwaya."

"Juu ya hotuba? Si utaharibu?"

"Weka. Upandishe sauti vizuri."

Alinitazama vile mimi huwatazama watu. Lakini akaweka. Ile ya kwanza niliitia nukta nyekundu, na mahali ilipo sikwambii hata wewe.

Jumapili tulikusanyika sebuleni Tena, binamu zangu na watoto wao, na mjomba na fimbo yake kwenye kiti cha mbele. Mama Mkubwa alikaa karibu na dirisha, cherehani yake imefunikwa kitambaa kwa sababu macho yamekataa. Siku hizi anasahau. Kuna asubuhi ananiita kwa jina la dada yake. Nilikuwa nimepika kuku. Kila mtu alipopata sahani yake, nikatia ile diski ya pili. Mhubiri akaomba, wengine wakasema amina kwa mtu aliyekufa zamani. Mjomba akajisikiliza kwa raha. Mama aliposimama, mjomba akasogeza kiti, akatega sikio, na kwaya ikaingia kwa sauti nne.

"Hata hii?" mjomba akasema.

"Hata hii, mjomba. Mwenye video aliharibu."

Akasonya, akaegemea nyuma. Niliposema vile nilihisi nikitazamwa. Mama Mkubwa alikuwa amegeuka kutoka kwenye televisheni, na macho yake, ambayo asubuhi hayakunijua, yalikuwa makali na yana hofu.

"Wewe umesikia?" akaniuliza chini chini.

"Nimesikia."

"Alisema nini?"

Kwaya ilikuwa inaendelea. Kwenye televisheni mama alikuwa amenyoosha kidole upande wetu.

"Alisema nikae na wewe," nikamwambia.

Alichukua lile paja la kuku nililokuwa nimemwekea, akalitia kwenye sahani yangu.

"Kula kwanza," akasema.